Mkebe Chini ya Benchi

Nilitumwa pasi.

Jambo lenyewe lilianza kwa udogo huo. Pasi ya hoteli nilikokuwa nikifanya kazi ilikuwa imeungua waya, ikapelekwa kwa fundi huko Hai Mauna, na Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka 2024, msimamizi akaniambia nikaichukue kabla fundi hajafunga. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nikapanda boda, nikafunika pua kwa kitambaa kwa sababu ya vumbi, nikaenda.

Naitwa Achok. Nililelewa Kenya, kwanza kambini Kakuma, baadaye Eldoret, na wakati huo nilikuwa nimekaa Juba mwaka mmoja na nusu tu. Kazi yangu ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni katika hoteli ndogo ya Thongpiny, karibu sana na uwanja wa ndege, hata ndege ikipaa vikombe vinagongana kabatini. Wenzangu walizungumza Kiarabu cha Juba kutwa nzima. Mimi nilikijua cha kusalimia na cha kununulia vitunguu. Wakicheka, nami nilicheka, lakini nilichelewa. Jioni nilirudi kwenye chumba changu Hai Malakal, nikafunga mlango, na mara nyingi neno la mwisho nililomwambia mtu siku hiyo lilikuwa la kumshukuru mwendesha boda.

Watu waliniuliza kwa nini niliacha Eldoret. Niliwaambia ni kazi. Ukweli ni kwamba nilikuja kumtafuta kaka yangu.

Ngor alirudi Juba mwaka 2011, nchi ilipopata uhuru. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Alipata kazi ya udereva kwenye shirika moja la wageni, akawa anatupigia simu kila Jumapili. Kisha ikaja Julai ya 2016, mapigano yakazuka mjini, na simu yake ikazimika. Haikuwaka tena. Mama hakukubali tukae matanga. Alisema bila mwili hakuna matanga, na hakuna aliyethubutu kumbishia.

Fundi alikuwa mwanamume mrefu mwenye mvi chache kidevuni. Aliniuliza jina ili aliandike kwenye daftari lake la vitu vilivyochukuliwa. Nikamwambia, Achok Ater. Akaweka bisibisi chini. Akaniangalia meno, kwa sababu nina mwanya, kisha akaniuliza kama nina ndugu.

Ndivyo nilivyokutana na Pal. Alikuwa amekaa chumba kimoja na Ngor kwa miaka miwili. Bunduki zilipoanza kulia, Pal alikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa na nguo alizovaa. Ngor alikuwa ametoka jioni ile, kabla ya milio, na hakurudi. Hayo ndiyo yote aliyoniambia siku hiyo. Kisha akaingia nyuma ya duka, akatoka na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani mlikuwa na karatasi moja, iliyokuwa mfukoni mwake siku alipokimbia.

Kabla ya kunipa, alinieleza. Wazungu wa lile shirika walikuwa na mchezo wao wa Jumamosi. Mtu anaficha mkebe mahali fulani, ndani anaweka daftari na mhuri aliouchonga mwenyewe, kisha anaandika maelekezo kama vitendawili. Atakayeufikia anapiga mhuri, anaandika jina lake, anaurudisha mkebe palepale. Ngor aliupenda mchezo huo mno. Akaficha mkebe wake mwenyewe, na maelekezo akayaandika kwa Kiswahili.

Niliijua ile hati kabla sijasoma neno. Kakuma, Ngor alikuwa akinifichia peremende nyuma ya mahema na kunipa karatasi yenye mafumbo. Ilikuwa imeandikwa hivi:

*Ingia kwenye lango lisilo na mlango. Hesabu miarobaini mpaka ule uliokatwa mkono. Lipe jua la jioni mgongo. Tembea hatua arobaini, za Achok, si zangu. Utaona kiti cha wageni watatu kisicho na mwenyeji. Piga magoti kama mtu wa kanisa. Mkono wa kushoto.*

Juu kabisa ilikuwa na jina la bustani. Iko mwendo wa dakika kumi kutoka chumbani kwangu. Nilikuwa nimepita mbele yake zaidi ya mara mia.

Nilimwuliza Pal kama yeye aliwahi kwenda kuutafuta. Akaanza kukaza skrubu ya pasi ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Nilienda kesho yake baada ya kazi.

Ni bustani ndogo. Kuna bembea mbili zisizo na minyororo, nyasi zilizokauka, na uzio ulioliwa na kutu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda cha chai cha mama mmoja Mganda, Teopista, ambaye kila mtu alimwita Mama Pearl kwa jina la binti yake. Aliniona nikiingia. Nilihisi macho yake mgongoni.

Lango halikuwa na mlango. Mwarobaini wa saba ulikuwa na kisiki cha tawi lililokatwa, kimeelekea barabarani kama kiwiko. Nikalipa jua mgongo, nikahesabu hatua arobaini. Zikanifikisha kwenye mtaro uliojaa chupa za plastiki.

Nilisimama pale muda, nimekasirika. Halafu nikakumbuka. Achok ambaye yeye alimjua alikuwa wa miaka kumi na mmoja.

Nikarudi kwenye mti, nikashika gauni, nikatembea kwa hatua za mtoto wa darasa la tano. Hatua ya arobaini ikaniweka mbele ya benchi la saruji la watu watatu. Halikuwa na mtu. Nikapiga magoti. Nikaingiza mkono chini, upande wa kushoto.

Ardhi ilikuwa na unyevunyevu.

Juba, mwezi wa pili... mvua haijanyesha tangu Novemba. Lakini vidole vyangu viliingia kwenye udongo laini, wa baridi, unaonuka kama shimo lililochimbwa leo. Nikagusa bati.

Ulikuwa mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na daftari lililofungwa kwa nailoni, kalamu, kisanduku cha wino, na mhuri uliochongwa kwa soli ya ndala: kichwa cha ng'ombe, pembe moja imepinda. Ukurasa wa kwanza ulisema:

*Achok, ukisoma haya, umefika Juba na akili zako bado zipo. Piga mhuri, kisha njoo nyumbani tule. Ngor. Desemba 2015.*

Nililia kidogo. Halafu nikafunua kurasa nyingine.

Watu wengine walikuwa wameufikia mkebe. Hawakuandika majina tu. Walikuwa wameandika barua kwa watu wao waliopotea. Mume wangu, nimeenda Wau, ufunguo uko kwa jirani. Mwanangu, viatu vyako nimevitunza. Na chini ya kila barua palikuwa na jibu. Nimesoma. Usihuzunike. Kula vizuri.

Majibu yote yalikuwa kwa mwandiko mmoja. Mwandiko wa Ngor.

Nikatafuta tarehe. 2016. 2018. 2021. Jibu la mwisho lilikuwa la Novemba 2023, miezi mitatu tu iliyopita.

Kaka yangu alikuwa hai. Alikuwa mjini humu humu, akiwaandikia wajane wa watu, wakati sisi tunamlilia. Sikujiuliza zaidi ya hapo. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo, nikachukua kalamu nikaandika: *Kaka, ni mimi. Nimefika. Uko wapi?*

Nikapiga mhuri. Nikaufukia mkebe. Nikaenda nyumbani na sikulala.

Jioni iliyofuata jibu lilikuwepo.

*Niko karibu. Umekawia.*

Nilimwomba tukutane. Akajibu, bado, nimeumia, nimesahau mengi, nikumbushe kwanza. Njoo jioni tu. Njoo peke yako. Nikafikiri, pengine risasi ilimpata kichwani, pengine anaona haya. Basi nikamkumbusha. Kila jioni niliandika ukurasa. Nikamwandikia juu ya peremende, juu ya mbuzi wetu aliyekula kitabu cha hesabu, juu ya wimbo aliokuwa akiupiga kwa mluzi akichota maji. Kesho yake alijibu: *Namkumbuka yule mbuzi. Naukumbuka wimbo.*

Sijui nielezeje furaha ile. Nilianza kujipaka mafuta kabla ya kutoka kazini. Nilipita kati ya wenzangu wakicheka Kiarabu chao na sikujali, maana nami nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mama alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Nilitaka nimpigie siku ile nitakapokuwa nimesimama na Ngor ubavuni.

Jambo moja lilinisumbua. Jioni moja, nilipokuwa nikifukia mkebe, nilisikia mluzi. Ulikuwa ule wimbo. Ulitoka nyuma ya benchi, chini, usawa wa goti.

Niligeuka.

Nyasi tu.

Siku yangu ya mapumziko niliamua kumvizia. Nilikaa kwenye kibanda cha Teopista tangu asubuhi, nikiagiza chai baada ya chai, macho kwenye benchi. Mbuzi alipita. Wanafunzi wawili walikata njia kwenda kwao. Benchi lenyewe hakuna aliyelikaribia, hata wale waliokuwa wamechoka na jua. Ilipofika saa kumi na moja, Teopista akavuta kiti akakaa kando yangu. Tangu nihamie Juba, hakuna mtu aliyewahi kukaa kando yangu bila shida yake.

Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nina mtu aliyepotea. Akasema, "Dada, mimi iko hapa miaka tisa. Hiyo kitu chini ya benchi si ya mtu."

Akanieleza habari za mwanamke mmoja, Agum, aliyekuwa mteja wake. Agum naye alikuja kila jioni, akipiga magoti palepale, akimwandikia mumewe. Alinawiri, alicheka, akasema mumewe yuko hai. Kisha siku moja shangazi yake Agum, aliyekuwa akiishi Hai Mauna, akiwa anakula na familia, alisikia mtu akimwita kwa jina nje ya ua. Akaitika. Akaacha chakula, akatoka. Walipomfuata walikuta ndala zake zimepangwa vizuri nje ya uzio, kama za mtu aliyeingia nyumbani kwa watu. Hadi leo hajaonekana. Agum alihamia Wau na haongei na mtu.

"Na jina la shangazi," Teopista akasema, "ni Agum mwenyewe aliandika."

Nilikasirika. Nilimwona kama mtu anayenionea wivu. Nilimwambia huyu ni kaka yangu, mwandiko wake naujua kuliko ninavyoujua wangu. Nikaweka kikombe chini nikavuka barabara. Jua lilikuwa limegusa paa za mabati.

Nilikuwa nimelitazama benchi lile siku nzima bila kupepesa. Nikafungua daftari.

*Ulikuwa unaninyatia. Nilikuona. Mama Pearl amekuambia nini?*

Na chini yake:

*Jambo moja tu limebaki, kisha nitakuja. Nimesahau jina la mama. Jina lake lenyewe, si lile analoitwa na watu.*

Sasa najua nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilichokiona ni neno *nitakuja*. Watu wote humwita mama yetu Mama Ngor. Jina lake la kuzaliwa hata majirani wa Eldoret hawalijui. Nikaliandika kwa herufi kubwa, ili asilisahau tena.

ATONG.

Nikafukia mkebe, nikatoka upande wa pili wa bustani nisionane na Teopista. Nilikuwa nimefika karibu na kona ya kwangu nilipokumbuka foleni za Kakuma. Mama hakujua kuandika. Kila fomu ya kambi, kila kadi ya chakula, kila karatasi ya shule, ni Ngor aliyeijaza tangu akiwa na miaka tisa. Aliliandika jina lile mara nyingi kuliko lake mwenyewe. Mtu anaweza kusahau mbuzi. Anaweza kusahau wimbo.

Nikasimama katikati ya barabara. Boda ikanikwepa, mwenyewe akanitukana.

Kisha nikaanza kukumbuka majibu yake, moja baada ya jingine. Hakuna hata jambo moja aliloniambia kabla mimi sijamwambia.

Nilirudi mbio. Mwanga ulikuwa ule wa mwisho, wa kijivu, watu wakiwa vivuli. Nikapiga magoti, nikachimba kwa mikono yote miwili. Ile harufu... ya udongo uliochimbuliwa, na ndani yake kitu kitamu kidogo, kama maziwa yaliyochacha. Nikafungua daftari.

Juu ya jina la mama palikuwa na mhuri. Kichwa cha ng'ombe, pembe imepinda. Nikaugusa kwa kidole gumba.

Wino ulikuwa mbichi.

Nikafunua nyuma haraka. Kwenye kurasa za wengine, ambazo siku ya kwanza sikuzitazama hadi mwisho, kulikuwa na jina moja lililoandikwa peke yake mwishoni mwa kila barua, na juu ya kila jina ule mhuri. Majina kumi na moja. La mama lilikuwa la kumi na mbili.

Kitu kikapumua nyuma ya benchi.

"Asante, Achok."

Ilikuwa sauti ya Ngor. Nitaapa popote. Sauti yake, na ukwaruzo wake mdogo kooni, ila ilisema polepole, kama mtu anayejaribu viatu vya mwenzake.

Sikugeuka. Nililikumbatia daftari nikakimbia kuelekea kwenye taa ya kibanda. Simu ikalia mfukoni nikiwa katikati ya barabara. Ilikuwa mama.

Hakunipa hata nafasi ya kumsalimia. Alinong'ona, na katika maisha yangu yote sijawahi kusikia sauti yake ikiwa na furaha kama ile.

"Kaka yako amekuja. Yuko getini. Ameniita kwa jina langu."

Nikamwuliza kama ameitika.

"Mara moja. Nimemwambia aingie, anasema mpaka nimfungulie mwenyewe. Natafuta ufunguo."

Nilimwambia asitoke. Nilimwambia yule si Ngor, asiitike tena, akae mbali na mlango, aombe. Sikumbuki nilisema mangapi. Nilikuwa nikisikia akifungua droo na kuifunga, akifungua nyingine. Alikuwa ananisikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Teopista alikuwa ameshasimama. Aliona daftari mikononi mwangu. Aliondoa birika kwenye sigiri yake ya makaa na kusogea kando.

Nataka niseme ukweli hapa. Nilisita. Ule ukurasa wa kwanza ulikuwa ndani, ule wa Desemba 2015, ambao bado naamini aliuandika mwenyewe. Ningeweza kuuchana nikaubakiza. Ingechukua muda mdogo tu. Lakini kwenye simu nilisikia funguo zikilia, na mama akisema, nimeupata.

Nikalitupa lote.

Halikushika moto mara moja. Lilifuka kwanza, moshi mweupe, mzito, na ile harufu ikajaa kibandani hata Teopista akafunika mdomo kwa khanga. Kisha likawaka. Na sikioni mwangu, kutoka Eldoret, kwa mbali, upande wa pili wa uwanja wa mama, nilimsikia mwanamume akilia.

Hakupiga kelele. Alilia kama mtu mzima anavyolia akidhani yuko peke yake. Katikati ya kulia alisema jina langu mara moja. Halikuwa na hasira. Lilikuwa kama swali.

Kisha kimya.

Nilimsikia mama akitembea. Nikasikia geti likifunguliwa. Nikasikia majani ya mahindi yakipeperuka, na pumzi yake, na kwa muda mrefu hakuna kingine.

"Achok," akasema hatimaye. "Umefanya nini?"

Kesho yake sikwenda kazini. Nilienda kwa Pal. Alipoona mikono yangu imejaa masizi, alifunga duka mchana kweupe, akakaa kwenye kibao chake, akanieleza lile alilokuwa amelifungia kwenye skrubu.

Ngor alikuwa ameuficha mkebe kwa ajili yangu tu. Lakini watu waliuona, wakaambizana, wakaanza kuwaandikia waliopotea tangu vita vya 2013. Ngor alipoenda kuukagua akazikuta barua hizo. Alirudi nyumbani akizifikiria, Pal akasema, hakulala. Alisema hawezi kuona mtu ameandika hivyo akaachwa bila jibu. Kwa hiyo akawa anawajibu. Alijifanya mume wa huyu, mwana wa yule. Maneno machache, ya kuwatuliza. Hakuona ubaya.

Kisha, wiki moja kabla ya mapigano ya Julai, alirudi bustanini akitetemeka. Alikuta barua mpya, ambayo yeye hakuwahi kuiona, tayari imejibiwa.

"Akaniambia, ni mwandiko wangu, Pal. Lakini si mimi."

Jioni ile alipotoka na asirudi, alikuwa ameenda kuutoa mkebe auchome. Pal alimwona akivaa viatu. Nusu saa baadaye risasi zikaanza. Kwa hiyo mpaka leo Pal hajui kaka yangu alichukuliwa na nini, na mimi sijui. Nilimwuliza kwa nini basi alinipa ile karatasi. Alisema ilikuwa na jina langu ndani yake, na hakuona haki ya kuizuia. Alisema pia kwamba alitumaini nitamkuta Ngor. Halafu akainamisha kichwa, na nikaona kwamba naye alikuwa mpweke kama mimi, miaka yote hiyo, na vyuma vyake.

Mkebe nilienda na Teopista kuuchimbua saa sita mchana. Tulikuta udongo mkavu, mgumu kama tofali. Hakukuwa na bati, hakukuwa na hata dalili kwamba mtu amewahi kuchimba. Teopista alihamisha kibanda chake mwezi huohuo, akakipeleka karibu na kituo cha boda. Huwa napita kumsalimia. Hatuongei habari hizo.

Nilisafiri kwenda Eldoret nikamweleza mama kila kitu, tangu pasi hadi sigiri. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, mikono mapajani. Aliniambia kijana aliyesimama getini alikuwa amekonda. Alikuwa ameshika vyuma vya geti kwa mikono miwili na kuegemeza paji la uso hapo katikati, kama alivyofanya Ngor alipokuwa mdogo akichelewa shule. Nikamwambia kiumbe kile kilikuwa hakijui hata jina lake mpaka mimi nilipoliandika. Nikamweleza habari za shangazi yake Agum, za zile ndala.

Kisha akaniuliza jambo moja, kwa upole.

"Shetani hulia, Achok?"

Mimi nimerudi Juba, na mashuka yangu, na ndege zangu. Kila jioni, jua likigusa mabati, nampigia mama. Namwuliza kama amekula. Namwuliza kama amefunga geti. Kila jioni anasema amefunga, mwanangu, lala.

Na nyuma ya sauti yake nalisikia geti, likienda na kurudi kwa upepo.